Mgeni wa Siku Mbili: Somo juu ya Kituo cha Njiani

Somo la mwezi huu lahusu jambo ambalo karibu kila mtu amelitenda, bali ni wachache waliokaa na kulifikiri. Mtu yu katika safari ndefu, ya majuma au ya miezi. Njiani upo mji, na katika mji ule yupo rafiki yake. Asema moyoni, Nitashuka hapa, nilale kwake usiku mmoja au miwili, kisha nitaendelea. Hicho ndicho kituo cha njiani. Je, kazi yake ni nini? Mgeni awiwa nini, na mwenyeji awiwa nini? Tena, kwa sababu gani vituo vingine humtia msafiri nguvu, na vingine humwacha amechoka kuliko alivyofika, na urafiki umepungua?

Tutalitazama jambo hili katika nchi ya kati, yaani Dodoma na uwanda wa juu unaoendelea mpaka Tabora. Nchi hii yafaa sana kwa somo letu, maana tangu zamani ni nchi ya kupitiwa na wasafiri, wala hapakuwa na mtu aliyeweza kuipita bila kutua kwa watu.

1. Nchi yenye ukali pande mbili

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, na kutoka huko ikaendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Msafiri aliyetoka pwani, kabla hajaingia Ugogo, alikuta nyika isiyo na maji iliyoitwa Marenga Mkali. Na alipokwisha kuivuka Ugogo kwenda magharibi, alikuta pori jingine refu lililoitwa Mgunda Mkali. Angalieni majina hayo: yote mawili yana neno moja, ukali. Katikati ya ukali huu na ukali ule ndipo walipokaa Wagogo, pamoja na ng'ombe zao, mtama wao na visima vyao.

Kwa hiyo msafara haukuwa na hiari. Ilikuwa lazima kutua Ugogo, kunywa, kununua chakula cha pori lililo mbele, na kutoa hongo ya nguo kwa watemi wa nchi. Wasafiri wageni waliinung'unikia sana hongo hiyo katika vitabu vyao. Lakini yafaa tukumbuke kwamba visima vile vilichimbwa na kutunzwa na wenyeji, na mvua za Ugogo ni chache. Hata leo Dodoma, iliyo juu ya bahari kwa mita 1,100 na zaidi, hupata mvua ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili, nayo kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka. Mahali kama hapo anayempa mgeni maji amempa kitu chenye thamani. Hilo ndilo jambo la kwanza la kushika: kituo cha njiani chamgharimu mtu, hata ikiwa mgeni haoni gharama yake.

2. Mji uliokua kwa watu kutua

Dodoma yenyewe ni mji wa kituo. Wazee husimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji mahali hapa, akazama katika tope, na kutokana na neno la Kigogo la kuzama, idodomya, mahali pakapata jina. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905; ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Hapo palipokuwa na kijiji pakawa na stesheni, maduka na boma. Baadaye barabara ndefu ya kutoka kaskazini kwenda kusini ilipita hapa, kutoka Arusha kwa njia ya Babati na Kondoa, kisha Iringa. Nayo ikakatana na reli. Hata ndege zilitua: katika mwaka 1932 kampuni ya Imperial Airways ilipoanza safari za kutoka London hadi Cape Town, Dodoma ilikuwa mojawapo ya vituo vyake.

Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya Serikali yahamie Dodoma. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Tangu mwaka 2016 wizara zikaanza kuhamia kwa haraka. Na mwaka 2018 Dodoma ikapewa cheo cha jiji. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 jiji lilikuwa na watu zaidi ya 760,000. Tena tangu mwaka 2024 magari ya reli ya umeme hutoka Dar es Salaam na kufika Dodoma kwa muda wa saa nne hivi. Henry Stanley, alipotoka Bagamoyo kwenda Tabora mwaka 1871, alitumia majuma mengi.

Kwa nini tunayataja haya? Kwa sababu yatuonyesha mwenyeji wa leo ni mtu wa namna gani. Rafiki yako aliye Dodoma huenda si mzaliwa wa Dodoma. Huenda ni karani aliyehamishwa pamoja na wizara yake, au mwanafunzi, au fundi aliyefuata kazi za ujenzi. Amepanga chumba kimoja au viwili. Jamaa zake wako mbali. Yeye mwenyewe alikuwa mgeni jana. Basi mgeni wake asidhani kwamba anaingia katika nyumba ya shibe, yenye ghala na mifugo. Aingia katika nyumba ya mtu ambaye naye bado anajijenga.

3. Marafiki wawili huko Kwihara

Sasa na tutazame mfano wa zamani, uliotokea katika uwanda huu huu wa kati. David Livingstone alikuwa safarini miaka mingi akitafuta chimbuko la mto Nile. Stanley, aliyetumwa na gazeti la Marekani kumtafuta, alimkuta Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, naye yu mgonjwa, hana mali, na chakula chake ni kidogo. Livingstone aliandika katika kitabu chake cha safari kwamba kabla ya hapo alikuwa akila mara mbili tu kwa siku, chakula kisicho na ladha. Lakini alipopata mwenziwe alianza kula mara nne, na baada ya juma moja akaona nguvu zinarudi. Jambo hili si dogo. Chakula ni kitu kimoja, na mtu wa kula naye ni kitu kingine. Mara nyingi ni huyo wa pili anayeponya.

Baadaye wote wawili walisafiri pamoja mpaka Kwihara, karibu na Tabora, wakafika tarehe 18 Februari 1872. Huko Stanley alikuwa na tembe aliyokuwa ameiacha pamoja na vitu vyake. Walikaa siku 25 hivi. Walifanya nini katika siku hizo? Walifungua mizigo na kugawana. Stanley alimwachia mwenziwe nguo, shanga, dawa na vitu vingine vya safari. Livingstone aliandika barua, akaifunga daftari yake ya habari na kuitia muhuri, akampa Stanley aipeleke kwa jamaa zake. Nao wakapatana neno moja: Stanley atakapofika Unguja atatuma wapagazi wa kuaminika, na Livingstone atawangoja hapo hapo.

Stanley alimsihi arudi naye Uingereza apumzike. Livingstone hakukubali, alisema kazi yake haijaisha. Basi Stanley hakumlazimisha. Asubuhi ya tarehe 14 Machi 1872 mwenyeji alitoka pamoja na mgeni, akamsindikiza kipande cha njia, ndipo wakaagana. Hawakuonana tena.

Hadithi haiishii hapo. Stanley alipita tena Ugogo, akafika Bagamoyo mwanzoni mwa Mei, naye akaitimiza ahadi yake. Watu zaidi ya 50 waliajiriwa na kutumwa. Livingstone alingoja miezi mitano, akihesabu siku. Walifika Agosti 1872, na kabla ya mwezi kwisha akaondoka pamoja nao. Miongoni mwao alikuwako Jacob Wainwright, aliyesoma katika shule ya misheni huko Nasik, Bara Hindi. Livingstone alipofariki mwanzoni mwa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu hao waliotumwa kwa ahadi ya Kwihara, pamoja na Susi na Chuma waliokuwa naye tangu zamani, ndio walioukausha mwili wake na kuuchukua mpaka pwani. Katika Oktoba 1873 walipita tena Kwihara. Hapo walimkuta msafiri Mwingereza, Cameron, naye akawashauri wauzike mwili hapo hapo. Wakakataa, wakaendelea. Februari 1874 walifika Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili mwaka huo Livingstone akazikwa London.

Hatuusifu mwenendo wote wa Stanley; katika safari zake za baadaye alitumia ukali mwingi juu ya watu wa nchi. Bali katika siku zile 25 za Kwihara, na katika ahadi iliyotoka humo, yamo mambo ya kujifunza.

4. Mambo matatu ya kushika

Kwanza, kituo ni mahali pa kupata nguvu, wala si mahali pa kujionyesha. Mgeni aliyechoka ataka maji ya kuoga, chakula cha moto, usingizi, na mtu wa kumsikiliza. Katika Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 27, twasoma kwamba Paulo, alipokuwa akisafirishwa kwenda Rumi akiwa mfungwa, aliruhusiwa kushuka Sidoni awaendee rafiki zake wamtunze. Merikebu ilikuwa inangoja, na muda ulikuwa mfupi. Mwandishi hakutaja karamu wala matembezi. Alitaja kutunzwa.

Pili, rafiki wa kituoni haibi safari ya mwenziwe. Aweza kumshauri, aweza kumwambia, Ndugu, umekonda, rudi nyumbani. Lakini akiisha kusema neno lake, amfungie mzigo na kumwacha aende. Wengine humpenda mgeni hata wakamchelewesha. Kila siku wasema, Kaa hata kesho. Kumbe huko aendako yuko anayemngoja, au tikiti yake yapotea, au fedha yake yapungua. Upendo wa namna hiyo wamdhuru mgeni.

Tatu, kituo kizuri huendelea baada ya kuagana. Kama Stanley angefika Unguja na kusahau, zile siku 25 zingekuwa maongezi matupu, na mzee yule angengoja bure. Yaliyosemwa usiku wakati wa chakula ni rahisi. Kuyatenda baada ya miezi miwili, mbali na macho ya rafiki, ndiko kugumu. Kwa hiyo msiahidi mengi. Ahidini jambo moja, nanyi mlitimize.

5. Siku mbili Dodoma

Tufanye mfano wa siku hizi. Tuseme mtu ametoka Nairobi, naye ana safari ya miezi mingi kwenda nchi za kusini. Amepita Arusha na Babati, akashuka Kolo katika wilaya ya Kondoa kutazama michoro ya kale iliyo katika mapango, ambayo UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia mwaka 2006. Sasa aingia Dodoma, ambako rafiki yake ni karani.

Neno la kwanza baada ya salamu na liwe neno la siku. Mgeni aseme mwenyewe, asingoje kuulizwa: "Ndugu yangu, usiku wangu hapa ni miwili tu. Alhamisi alfajiri naondoka kwenda Iringa." Mwenyeji ajibu: "Haya, ndugu yangu, nimesikia. Basi niambie kazi zako, tuzigawe." Maneno machache haya huondoa wasiwasi mwingi. Mwenyeji ajua apike kiasi gani na aombe ruhusa kazini saa ngapi. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini ni heri mgeni ataje siku yake mwenyewe, kuliko jembe kutajwa.

Siku ya kwanza na iwe ya mwili. Mgeni aoge, afue nguo, alale. Maji ayatumie kwa kiasi. Jiji hupata maji yake hasa katika visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na katika mitaa mingine maji huja kwa zamu. Ndoo iliyojaa pembeni ya mlango ni akiba ya nyumba nzima. Jioni mwenyeji amjulishe kwa mwenye nyumba na kwa mjumbe wa mtaa, ili mgeni asionekane kama mtu aliyejificha.

Siku ya pili asubuhi na iwe ya kazi za safari: kushonesha kiatu na kununua mahitaji katika soko la Majengo, kubadili fedha, kukata tikiti katika kituo cha mabasi cha Nzuguni, kupeleka habari nyumbani kwamba amefika salama. Hapa ndipo faida ya kuwa na rafiki mwenyeji huonekana. Kazi ambayo mgeni peke yake angeihangaikia mchana kutwa, mwenyeji huimaliza kwa saa mbili, maana ajua fundi yupi ni mwaminifu na nauli ya haki ni ngapi.

Mchana mwenyeji amwonyeshe mgeni jambo moja au mawili, wala si kumi. Aweza kumpeleka Nyerere Square katikati ya mji, akamweleza jinsi makao makuu yalivyohamia. Aweza kumpeleka kwa wauza zabibu, kama ni msimu wake, maana zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo linalowashangaza wageni wengi. Au amfundishe kuwaamkia wazee kwa Kigogo, Mbukwenyi, na kula ugali wa mtama au wa uwele kwa mlenda. Mgeni aliyejifunza salamu moja na chakula kimoja ameijua nchi kuliko yule aliyekimbizwa kutazama majengo yote kwa dirisha la gari.

Usiku wa mwisho na uwe wa habari. Zamani msafiri alilipa kwa nguo na shanga. Msafiri wa leo hulipa kwa masimulizi. Mwenyeji aketiye mahali pamoja mwaka mzima apenda kujua barabara za Kondoa zi hali gani, mvua imenyesha wapi, watu wa mbali waishi vipi. Mgeni asifunge kinywa chake na kutazama simu yake. Na asije mikono mitupu: kilo ya sukari, sabuni, au kitabu cha watoto, chochote kilicho ndani ya uwezo wake. Kama aona mwenyeji ametumia fedha nyingi, asimwaibishe kwa kumhesabia noti mbele ya watu. Anunue unga au mafuta alipokwenda sokoni, na kuviweka jikoni kimya.

6. Kusindikiza

Katika desturi zetu mgeni hafungiwi mlango nyuma yake. Husindikizwa. Livingstone, ingawa alikuwa mzee mwenye maradhi, alitembea na mgeni wake asubuhi ile. Leo basi la alfajiri huondoka gizani, na mwenyeji ana kazi saa moja na nusu. Hata hivyo na atoke, ijapokuwa mpaka njia panda tu, achukue mzigo mmoja mkononi. Kuna maneno ambayo watu hawawezi kuyasema wakiwa wameketi kitandani au mezani. Huyasema wakitembea, bila kutazamana usoni: deni la zamani, ugonjwa uliofichwa, shauri la ndoa, ombi la kumtazamia mzazi aliye kijijini. Mara nyingi neno kubwa la kituo kizima hutoka katika hatua mia za mwisho.

Na mgeni akifika huko aendako, siku hiyo hiyo ampelekee mwenziwe habari: Nimefika. Neno ni moja tu, lakini mwenyeji asiyelipata halali vizuri. Kisha alitimize lile alilopatana naye njiani. Huenda hawataonana tena. Wale wa Kwihara hawakujua kwamba ndiyo mara ya mwisho.

Maswali kwa wanaosoma pamoja

1. Nchi zilizo upande huu na upande huu wa Ugogo zilikuwa na majina gani, nayo yatufundisha nini juu ya maji na mgeni?

2. Kwa nini mgeni yampasa kutaja siku ya kuondoka kabla ya kuulizwa? Je, katika mtaa wenu desturi ni ipi?

3. Stanley alimsihi Livingstone arudi, kisha akamwacha aende. Ungalifanya nini wewe? Kuna wakati gani ambapo yafaa kumzuia msafiri kwa nguvu?

4. Wale waliouchukua mwili wa Livingstone walishauriwa wauzike Kwihara, wakakataa. Walidhani wanawiwa nini, tena na nani?

5. Je, umewahi kumwahidi mwenyeji wako jambo wakati wa kuagana, na hujalitenda bado? Litaje moyoni, ulitende kabla ya toleo lijalo.